Africa Addio, mjomba wangu na habari niliyoiandika vibaya

Haya ndugu zangu, nimerudi. Najua wapo walioanza kudhani nimeacha kuandika, au mhariri wangu amenibana. Hapana. Nilikuwa likizo nyumbani, Zombo.

Kwa wale wasiojua Zombo ni wapi: unatoka Dar, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi huku ukiangalia twiga na pundamilia dirishani bila kulipa kiingilio, halafu ukifika Mikumi mjini unaiacha lami ya kwenda Iringa na kushika njia ya kuelekea Kilosa. Huko ndiko kwetu. Jirani yetu kuna mahali panaitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya. Kwetu mtu anaweza kwenda Ulaya asubuhi na kurudi jioni na mkungu wa ndizi, wala hakuna anayemuuliza habari za viza.

Safari hii nilibeba filamu kwenye kompyuta. Nataka niwaambie habari za filamu hiyo na yaliyonikuta nilipoitazama na mjomba wangu. Nitakwenda taratibu, maana mwisho wa habari hii unanihusu mimi mwenyewe na sikupenda kuuandika.

Ilianza Januari. Tuna kundi letu kwenye simu, sisi tuliomaliza chuo kikuu pamoja. Kwa kawaida humo ni habari za harusi, michango ya misiba na utani wa Simba na Yanga. Sherehe za Mapinduzi ya Zanzibar zilipokaribia, mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Unguja akatuma kipande cha video bila neno lolote. Picha za rangi, zimepigwa kutoka angani. Chini kuna minazi, mchanga, watu wanaswagwa kwa mistari kama ng'ombe, na kisha maiti. Maiti nyingi.

Haikupita robo saa. Mwenzetu mwingine, naye wa Unguja, akajibu kwamba huo ni uongo wa Wazungu, umetengenezwa ili kuyapaka matope Mapinduzi. Yule wa kwanza akajibu kwamba babu mzaa mama yake ni mmoja wa waliokufa wiki ile, je, naye alitengenezwa? Huyu wa pili akasema babu yake alikuwa mchukuzi bandarini aliyekuwa akitukanwa kila siku ya maisha yake, je, hilo nani alilipiga picha? Wakaendelea hivyo hadi usiku. Asubuhi tukakuta mmoja ametoka kwenye kundi. Hawa ni watu waliolala chumba kimoja hosteli miaka mitatu, wakila sahani moja. Mpaka leo ninapoandika hawasemezani.

Nikajiuliza, ni filamu gani hii inayoweza kuwagombanisha watu ambao wazazi wao walikuwa bado hawajazaliwa ilipopigwa? Nikaitafuta nikaiona yote.

Inaitwa Africa Addio, yaani kwaheri Afrika. Waliitengeneza Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, na ikatoka mwaka 1966. Kabla ya hapo walikuwa wametengeneza Mondo Cane mwaka 1962, filamu ya kuokoteza mambo ya ajabu ajabu ya dunia ili watu waduwae. Walizunguka bara letu wakati bendera za wakoloni zikishushwa. Wapo Kenya, wapo Kongo, wapo Afrika Kusini. Wapo hata Dar es Salaam wakati wa maasi ya jeshi ya Januari 1964, na kuna mahali wanaonekana wakitolewa ndani ya gari na askari. Filamu yenyewe inadai waliponea chupuchupu pale mtu mmoja alipoziona pasi zao na kusema hawa si Wazungu, ni Waitaliano. Nilicheka, nakiri.

Sehemu ya Zanzibar ni fupi, lakini ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu. Siku chache baada ya tarehe 12 Januari 1964, Sultani Jamshid akiwa amekwisha kukimbia na John Okello akinguruma redioni, Waitaliano hawa walipita juu ya kisiwa na kamera yao. Picha walizopata ni karibu picha pekee zinazotembea za mauaji yale. Idadi ya waliokufa hadi leo haina makubaliano. Wapo wanaosema mamia, wapo wanaofika 20,000.

Sasa picha ni jambo moja, na sauti ni jambo jingine. Juu ya picha zile kuna msimulizi, na msimulizi ana yake. Tangu mwanzo wa filamu anakuambia kwamba Afrika ni kama mtoto mchanga ambaye yaya wake Mzungu amemwacha mapema mno, na yote utakayoyaona, kuanzia tembo wanaochinjwa hadi watu wanaochinjwa, ni ushahidi wa hilo. Wakoloni waliondoka, Waafrika wakarudi porini. Basi. Hiyo ndiyo hoja ya filamu nzima, imepambwa kwa muziki mtamu wa Riz Ortolani ambao ungeweza kuupiga harusini.

Ilipotoka iliwasha moto. Kwao Italia mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, alipewa tuzo ya David di Donatello. Lakini hata kabla haijatoka, mwaka 1964, mwandishi wa jarida la L'Espresso, Carlo Gregoretti, alikuwa ameandika jambo la kutisha: kwamba huko Kongo watu waliuawa kwa namna iliyopangwa ili kamera ipate picha nzuri. Jacopetti alichunguzwa na vyombo vya sheria na mwishowe akasafishwa. Agosti 1966, huko Berlin Magharibi, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana kwenye sinema ya Astor mpaka maonyesho yakasimama. Mwaka 1967 wajumbe wa Kiafrika Umoja wa Mataifa waliilalamikia, na balozi wa Marekani, Arthur Goldberg, akawaunga mkono. Mwaka huohuo kijana wa miaka 24 aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kazi ya kuhakiki filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times, Roger Ebert, aliiandikia uhakiki mkali akiiita ya kikatili, ya uongo na ya kibaguzi. Baadaye Wamarekani wakaikatakata wakabakiza damu tu, wakaiuza upya kwa jina la Africa Blood and Guts.

Mimi ni mwandishi wa habari wa miaka ishirini na kitu, kwa hiyo nilimsoma Ebert kwa wivu kidogo. Nikakubaliana naye kwa kila kitu. Nikafungua kompyuta nikaanza kuandika makala ya kuisema vibaya filamu hii. Aya sita zikatoka haraka sana. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari.

Halafu nikaenda likizo.

Sasa tuje kwa mjomba. Sisi watu wa Morogoro mtanielewa: kwetu ukoo unafuata mama, na mjomba si mtu wa kumchezea. Baba anakulea, lakini ukitaka kuoa, ukitaka shamba, ukifanya ujinga, unaitwa na mjomba. Huyu wangu ana zaidi ya miaka sitini, amelima mahindi na ufuta maisha yake yote, na gazeti analisoma hata likiwa la mwezi uliopita, hata kama limefungiwa maandazi.

Jioni moja alinikuta kibarazani na kompyuta. Akauliza ninaangalia nini. Nikamwambia, filamu ya Mapinduzi ya Zanzibar. Akavuta kigoda.

Nilianza kumtafsiria. Msimulizi akisema jambo, nami nalileta kwa Kiswahili. Baada ya dakika mbili akaniambia, "Zima huyo anayesema. Ananichanganya." Nikazima sauti. Tukabaki na picha tupu, na chura wakilia bondeni.

Jamani, hebu jaribuni siku moja. Bila ile sauti, ile filamu ni kitu kingine kabisa. Hakuna tena "Afrika." Hakuna yaya wala mtoto. Kuna mtu amevaa kanzu anakimbia na hajui aelekee wapi. Kuna watu wamesimama ufukweni wanatazama bahari. Mjomba alikuwa ameinama karibu na kioo kama anayetafuta sindano.

Akanyoosha kidole. "Huyu ni nani?"

Nikasema, "Mwarabu, mjomba. Ndivyo wanavyosema. Waliouawa pale walikuwa Waarabu."

"Sikukuuliza kabila. Nimekuuliza ni nani."

Nikasema hawajataja jina.

"Na huyu mwenye ndege, alishuka chini akauliza?"

Nikamweleza kwamba hali ilikuwa mbaya, asingeweza kushuka, angeuawa. Na ni kweli, sidai kwamba kushuka lilikuwa jambo rahisi. Mjomba akatikisa kichwa, akanyamaza. Nilidhani yamekwisha. Halafu akasema polepole, bila kuniangalia, "Basi ni kama ile habari yako."

Ile habari yangu.

Ili mnielewe inabidi niwarudishe nyuma kidogo. Wilaya yetu ya Kilosa ina jeraha lake. Tarehe 8 Desemba 2000, mimi nikiwa bado nanyonya, wafugaji walishambulia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, upande wa kaskazini wa wilaya, wakaua wakulima 38. Thelathini na wanane! Kila mtu wa kwetu anajua alikuwa wapi siku ile. Magazeti ya wakati huo yalijaa. Wengi waliandika kama yule msimulizi wa Kiitaliano: kwamba hawa ni watu wa porini, damu yao ni ya vita, ustaarabu haujawafikia.

Mwaka 2009 watafiti watatu, Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walichapisha utafiti wao juu ya mauaji yale. Hawakumsafisha muuaji. Lakini walionyesha yaliyokuwa nyuma yake: sera zilizomwona mfugaji kama tatizo kwa miaka mingi, ardhi ya malisho iliyozidi kupungua, mifugo inayokamatwa, na rushwa kwa viongozi, mpaka hakuna upande ulioamini tena kwamba ofisi ya serikali itauamulia haki. Hifadhi ya Mikumi yenyewe, ambayo sisi tunajivunia kupita ndani yake na basi, ilianzishwa mwaka 1964, mwaka uleule wa Mapinduzi. Ardhi ile nayo ilikuwa na watu na ng'ombe.

Nilikuwa nayajua yote hayo. Niliyasoma chuoni. Niliyaandikia hata kazi ya darasani nikapata alama nzuri.

Sasa, miaka mitatu iliyopita nilikuwa Morogoro mjini kwenye semina fulani. Mhariri akanipigia: kuna vurugu za wakulima na wafugaji katika kijiji kimoja huko Kilosa, kuna majeruhi, wewe si ndiko kwenu? Wahi. Nikapata nafasi kwenye gari la msafara wa viongozi. Kijiji sikitaji, na si Zombo.

Tulifika saa tisa mchana. Msafara ulisimama ofisi ya kijiji, viongozi wakashuka, wakaongea, wakapanda. Mimi nilikaa ndani ya gari karibu muda wote, kwa sababu niliambiwa tunaondoka sasa hivi, na kwa sababu, niseme ukweli, niliogopa. Maelezo nilipewa na kiongozi mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja. Alisema wafugaji walivamia usiku, wakakata watu wawili kwa sime. Nilipokuwa natafuta picha nikaona vijana wawili wa Kimasai wamesimama kando ya barabara, lubega nyekundu, fimbo mkononi. Nikapiga kupitia dirisha, gari likianza kuondoka. Picha ilitoka safi kabisa, na vumbi la gari nyuma yao kama moshi.

Kesho yake ikatoka ukurasa wa mbele. Kichwa cha habari kilikuwa na neno "wavamia," na chini yake picha ya wale vijana wawili, na chini ya picha jina langu. Nilinunua nakala tatu. Moja nilimtumia mama.

Jioni ile kibarazani mjomba ndiyo akaniambia. Mmoja wa vijana wale ni mtoto wa rafiki yake.

Rafiki huyu ninamfahamu tangu utoto, sema tu kijana yule sikuwahi kumwona tangu akiwa mdogo anachunga ndama. Mzee huyu ni Mparakuyo, na yeye na mjomba walikuwa na utaratibu wao tangu miaka ya themanini. Mjomba akishavuna, ng'ombe wa mzee wanaingia shambani kula mabua. Mjomba anapata mbolea bure, na mzee anapata malisho ya kiangazi. Maziwa yalikuwa yakija kwetu kwenye kibuyu bila kuulizwa, na debe la mahindi linakwenda kwao bila kuulizwa. Hakuna mkataba, hakuna mwenyekiti wa kijiji. Watu wawili tu.

Siku ya vurugu kijana alikuwa kule kwa sababu alimsindikiza mama yake zahanati. Mama alikuwa ndani anasubiri dawa, na yeye alitoka nje na mwenzake kuangalia msafara wa magari. Nami nikapita nikampiga picha.

Gazeti lilifika huku baada ya siku mbili. Wiki iliyofuata kijana alikwenda mnadani kuuza mbuzi. Watu wakamtambua. Huyu si yule wa kwenye gazeti? Alipigwa hadi akavunjwa mkono. Aliokolewa na mama lishe mmoja aliyemvuta ndani ya kibanda chake na kusimama mlangoni na mwiko. Polisi hawakuitwa. Baada ya hapo baba yake akaona kijana huyu hafai kubaki huku, akaondoka kwenda Dar. Na mzee hakuleta tena ng'ombe kwenye mabua. Hakugombana na mjomba. Alisema tu kwamba hataki kumletea maneno, kwa kuwa mwandishi ni mtoto wa dada yake.

Nikamuuliza mjomba, kwa nini hukuniambia miaka mitatu yote hii? Akasema, "Mama yako alikuwa amebandika lile gazeti ukutani."

Kuna jambo jingine. Usiku kabla ya vurugu zile, ng'ombe walikuwa wamekamatwa mashambani, wakatozwa faini kubwa, na risiti haikutolewa. Huo ndio mwanzo wa ugomvi. Mjomba alilijua. Mama lishe alilijua. Kila mtu alilijua isipokuwa msomaji wa gazeti langu. Simtetei aliyewakata wenzake kwa sime. Wale wawili waliumia kweli, na nao sikuwatafuta hospitali kuwauliza majina. Niliandika "watu wawili."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mzee. Mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaita chai ya maziwa. Nilimwambia kilichonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, ile picha ilikuwa ya kweli. Yule ni mtoto wangu, na fimbo ni yake. Maneno ndiyo hayakuwa ya kwake." Halafu akaniuliza bei ya mahindi Dar.

Namba ya simu ya kijana alinipa bila kinyongo. Analinda geti la nyumba ya watu. Inawezekana kabisa nimepita mbele yake mara nyingi bila kujua. Nilimpigia jioni, nikajitambulisha. Alinyamaza, akaniuliza kama bado nafanya kazi ya kuandika. Nikasema ndiyo. Akasema yuko zamu, nimpigie siku nyingine. Nimepiga mara mbili tangu siku hiyo, hajapokea.

Niliporudi Dar nilimwendea mhariri nikaomba tuchapishe masahihisho. Akaniambia, kwa upole tu, gazeti halisahihishi habari ya miaka mitatu, na isitoshe hakuna kilichokosewa, maana picha si ya kuunga na kiongozi kweli alisema vile. Sikuwa na jibu. Ni kweli, alisema vile.

Zile aya zangu sita juu ya Africa Addio nimezifuta. Si kwamba nimeanza kuipenda filamu ile. Bado naona ni ya kibaguzi, na Ebert alikuwa sahihi. Lakini makala yangu ilikuwa imeandikwa na mtu aliyejiona yuko upande wa pili kabisa na Jacopetti, na sasa siwezi kusema hivyo. Yeye alikuwa na helikopta, mimi nilikuwa na gari la msafara. Yeye alikuwa na msimulizi, mimi nilikuwa na kichwa cha habari.

Na nadhani sasa naelewa kidogo kwa nini wenzangu wawili wa chuo hawasemezani. Mmoja anazishika zile picha na, bila kutaka, anaichukua na sauti iliyo juu yake. Mwingine anaikataa ile sauti, na ana haki ya kuikataa, ila anazitupa na picha pamoja na maiti zilizomo. Mtafiti wa Kifaransa Marie-Aude Fouéré aliandika mwaka 2016 jinsi filamu hii inavyozunguka Zanzibar, na jinsi watu haohao wanavyoitumia kama ushahidi na kuishuku kwa wakati mmoja. Nami naona si kosa lao. Wameachiwa kumbukumbu moja ya kuonekana, na imetengenezwa na watu wasiowapenda wote wawili.

Kwa sababu angalieni, filamu ile haimsaidii mtazamaji kuelewa kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na kwamba uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulipokuja wengi waliona si wao waliopewa. Haielezi kwamba fujo za uchaguzi za Juni 1961 zilikuwa zimekwisha kuua watu 68, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na kwamba hofu ilikuwa imelala kila nyumba. Babu mchukuzi wa bandarini hayumo. Na babu aliyeuawa hayumo pia, hata kama mwili wake pengine umo. Hana jina, hana duka, hana watoto. Ni doa jeupe kwenye mchanga.

Wapo waliojaribu kushuka chini baadaye. Harith Ghassany alikaa na wazee miaka kadhaa akawasikiliza, akatoa kitabu mwaka 2010 kiitwacho Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru. Nacho kimezua mabishano makubwa, na mimi sikubaliani nacho chote. Lakini ndani yake kuna watu wanaosema kwa midomo yao, na mtu anayesema unaweza kubishana naye. Maiti iliyopigwa picha kutoka juu huwezi kubishana nayo, unaweza tu kuitumia.

Nimewatumia wenzangu wawili habari hii kabla ya kuiweka hapa, kila mmoja peke yake, na nikawaomba jambo moja: watazame kile kipande bila sauti, halafu kila mmoja amwandikie mwenzake habari za babu yake. Si za Mapinduzi. Za babu tu: aliitwa nani, aliishi wapi, alipenda nini. Mmoja amejibu kwamba atafikiri. Mwingine bado.

Na kwa kuwa gazeti halitasahihisha, nasahihisha mimi hapa, kwa kadiri ninavyoweza bila kumtaja kijana jina, maana hajaniruhusu. Wale vijana wawili niliowapiga picha miaka mitatu iliyopita hawakuvamia kijiji chochote. Mmoja alikuwa amemleta mama yake kutibiwa. Ugomvi ule ulianza kwa ng'ombe waliokamatwa na faini isiyo na risiti. Waliojeruhiwa walikuwa na majina na sikuyauliza. Habari ile niliiandika nikiwa nimekaa ndani ya gari.

Mama ameliondoa lile gazeti ukutani. Nilimwomba mimi.

Kesho nampigia tena kijana. Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.